Madumu Sita

Walikuwa wamekwisha kumvunja Zafy mkono wa kushoto Inspekta Haingo alipofika ngazi ya mia na ishirini, na mwanamke muuza vitumbua alikuwa ameinua chupa ya mafuta ya taa akiuliza nani ana kiberiti.

Haingo hakuwa na pumzi ya kupiga kelele. Alichomoa bastola akafyatua risasi moja hewani. Watu wakainama, njiwa wakatimka kwenye mapaa ya vigae, na kijeba mmoja aliyekuwa amemkalia Zafy kifuani, tofali mkononi, akageuza shingo kuona nani anamharibia kazi.

"Ondoka hapo."

"Afande, huyu kamuua Mzee Ratsimba! Blanketi lake limejaa damu, tumeliona kwa macho yetu. Halafu akakimbia! Tumemtoa mtaroni kama panya."

"Nimesema ondoka."

"Kwani wewe wa wapi?" sauti ya kike iliuliza kutoka nyuma. "Haya ni mambo ya Ambonivato. Rudi kwenu mabondeni ukachunge bata."

Wakacheka. Jiwe likapita karibu na sikio la Haingo, likapasukia ukutani.

Sajini Naivo alikuwa na miaka hamsini na mbili na kitambi cha mtu anayependwa na mkewe, lakini siku hiyo alikuwa mwepesi. Alipita chini ya mkono wa Haingo, akamtandika yule mwenye tofali kwa kitako cha bunduki, mara moja tu, nyuma ya sikio. Kisha akamshika Zafy ukosi wa shati na kumburuta ngazi ishirini zilizobaki. Visigino vya Zafy viligonga kila ngazi. Haingo alipanda kinyumenyume akiwaelekezea bastola, na pale langoni nusura aanguke, kwani alijikwaa kwenye dumu la maji la manjano lililokuwa limetuliwa kando ya mlango. Dumu lilikuwa limejaa.

Wakaingia. Naivo akashusha komeo. Mawe yakaanza kunyesha juu ya mbao.

Watu wa mjini Antananarivo huitazama Ambonivato kutoka chini na kuipiga picha: nyumba za matofali mekundu, roshani za mbao, jua la jioni. Nani hapendi? Zamani palikaa mabwana peke yao, wakaishi katika nyumba za mbao na kuwazika wafu wao katika mawe, na hadi leo marehemu wa huko juu wana makazi imara kuliko walio hai. Mabwana walizaa, wakagawana vyumba, wakagawana hata vyoo. Bei za nyumba ziliporomoka kwa sababu moja tu: gari halifiki. Kila kitu, kuanzia gunia la mchele hadi jeneza, hupanda ngazi mia na arobaini juu ya bega la mtu, na mtu mwenyewe kwa kawaida hakuzaliwa mlimani.

Naivo alizungumza na redio, akasikiliza, akaikunja antena.

"Gari la askari limekwama karibu na handaki. Wanasema saa moja hivi."

"Nyuma kuna njia?"

"Nyuma kuna genge, afande. Ukishuka kule unashuka mara moja tu."

Haingo aliutazama mlango ukitikisika. Bawaba ya juu ilikuwa imeanza kung'oka. Akahesabu watu waliokuwa ndani ya ua: yeye na Naivo, Zafy, na watatu waliosimama barazani. Bibi Vololona, dada wa marehemu. Lanto, mtoto wa ndugu yao wa kiume, aliyelelewa na marehemu tangu akiwa wa kubebwa. Na Edmond, dalali wa nyumba, aliyepanda na wa kwanza kusikia kilio, akatoka na umati, kisha akarudi ndani. Mzee mwenyewe alikuwa chini, mbele ya kaburi la ukoo, amefunikwa shuka jeupe.

"Hatuna saa moja," alisema. "Nikiwatolea mtu mwingine, watatulia. Nisipowatolea, wataingia wamchukue huyu. Funga lango kwa lile benchi."

Walimwingiza Zafy jikoni, wakamkalisha sakafuni. Meno mawili yalikuwa hayapo. Haingo aliomba maji ya kumsafisha mdomo.

"Maji hakuna, mwanangu," Bibi Vololona alisema. Alikuwa mwanamke mwembamba, mgongo umenyooka, machozi yakimshuka bila yeye kuyajali. "Tangu jana usiku pipa ni kavu. Dumu la leo bado liko nje."

"Hata maji ya ukoko?"

"Nilichemsha sufuria nzima jana baada ya chakula, kwenye ukoko wa wali, kama kila siku. Ndicho kinywaji cha kaka cha asubuhi. Nimekuta mtu kamwaga yote. Hata hicho hakukipata."

Haingo aliitazama sufuria. Ilikuwa imelala upande kwenye beseni la kuoshea, na chini ya beseni kulikuwa na chembe za wali ulioungua. Alichuchumaa mbele ya Zafy.

"Anza asubuhi. Fupi."

"Bomba linafunguliwa saa kumi na moja," Zafy alisema. Alitoka kusini ya mbali, nchi ya miiba, na miaka kumi na mmoja ya kulinda lango la mzee haikuwa imemfundisha kuongea kama watu wa mlimani. "Nachota kwa nyumba sita. Madumu mawili kwa mzega, safari tatu. Foleni ndefu. Ukitoka kwenye foleni dumu lako linarushwa nyuma. Sikutoka."

"Ulimaliza saa ngapi?"

"Mawili ya mwisho nilitua, moja kwa muuza vitumbua, moja hapa langoni. Nikasikia Bibi analia. Nikachungulia. Nikamwona mzee. Nikaona blanketi langu kwenye msumari, lina damu. Nikakimbia."

"Kwa nini ukimbie kama hujafanya kitu?"

Zafy alimtazama kwa lile jicho moja lililokuwa bado linafunguka.

"Afande, umezaliwa wapi?"

"Mabondeni. Kule maji yanakoingia ndani."

"Basi unajua kwa nini."

Alijua. Nyanya yake mwenyewe alibeba mawe ya ngazi zile zile, na hakuwahi kukaribishwa kukaa.

Blanketi lilikuwa bado kwenye msumari wake nyuma ya lango, mahali Zafy alipolitundika kila alfajiri kabla ya kwenda bombani. Haingo alilitandaza. Damu ilikuwa michirizi miwili iliyonyooka, mipana kiasi cha vidole vinne, kingo zake safi kama zimepigwa rula.

"Unaona nini, Sajini?"

"Damu, afande."

"Imeruka au imefutwa?"

Naivo aliinama, akapuliza mashavu. "Imefutwa. Mtu kafuta kitu bapa. Upande mmoja, halafu wa pili."

Sepetu ya marehemu ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta wa kaburi. Kila asubuhi mzee alipalilia nayo majani yaliyoota kati ya mawe, hilo lilijulikana mtaa mzima. Bamba lake jembamba lilikuwa safi mno kwa chombo cha kazi. Lakini pale bamba linapokutana na mpini, Haingo alipitisha ncha ya kalamu, ikatoka nyeusi, na unywele mmoja mweupe.

Kisha akafunua shuka, akakiinua kichwa.

Mapigo yalikuwa manne, yote kisogoni, na mawili ya mwisho yalipigwa mtu akiwa tayari chini. Mfupa ulikuwa umeingia ndani. Upande wa kulia uso ulikuwa umebonyea kwa kugandamizwa udongoni, mchanga mwekundu umejaa jichoni. Naivo alitazama pembeni, akajifanya anakagua bunduki.

Mzee alilala chali, amenyooshwa, mikono imewekwa kifuani. Kichwa mashariki, kwenye mawe ya kaburi. Miguu magharibi, kuelekea lango. Lakini dimbwi la damu halikuwa chini ya kichwa. Lilikuwa chini ya miguu. Na kutoka kwenye dimbwi lile, udongo ulikuwa umekwanguliwa kwa nusu duara, upande wa kusini, mpaka kichwa kilipokuwa sasa.

Haingo alipiga magoti, akakunja suruali ya marehemu. Kwenye kila soksi palikuwa na alama ya mkono wenye damu: vidole vinne upande mmoja, gumba upande wa pili.

"Alikuwa anaondoka kaburini anakwenda langoni," alisema taratibu, kidole kikifuata mchanga. "Amepigwa kwa nyuma. Ameanguka kifudifudi, kichwa magharibi, nyayo zake zimewaelekea wazee wake, tusi kwao. Muuaji amemaliza. Kisha, badala ya kukimbia, amemshika miguu akamzungusha, akamlaza chali, akamfunika."

"Mwizi hawezi kufanya hivyo," Naivo alisema.

"Mwizi hata hajui mashariki ni wapi."

Jiwe kubwa lilitua juu ya paa la jikoni, vigae vikamiminika. Zafy alipiga ukelele ndani. Nje mtu alipaza sauti, na wengi wakaitikia: "Mtoeni! Mtoeni!"

Haingo akamwita dalali kwanza.

Edmond alikuja na mkoba wake kwapani, viatu vimeng'arishwa, kwenye kiwiko cha koti doa la damu ambalo halijakauka.

"Hiyo?"

"Ya huyo mnyama wenu huko jikoni." Alisema bila haya, akionyesha ngumi zake zilizochubuka, damu imegandia kwenye kucha. "Nimempiga mawili matatu walipomtoa mtaroni, nani hakumpiga?"

"Mzee Ratsimba alikuwa anakuchelewesha kazi."

"Alikuwa ananichelewesha maisha, Inspekta. Njoo hapa." Alifungua mkoba, akatoa ramani iliyokunjwa mpaka imechanika. "Huu mlima wote umezungukwa na ngazi na genge. Gari lina mahali pamoja tu pa kupanda kutoka barabara ya nyuma. Pako hapa. Ua huu. Wapo watu wanataka kujenga hoteli huko juu, wamekubaliana na nyumba ishirini na tatu. Pakipita barabara, kila nyumba inauzwa mara nne ya bei ya leo. Isipopita, hawanunui hata tofali. Na katikati ya barabara kuna nini? Kaburi. Nikamwambia mzee, tuwahamishe wazee, tuwajengee jipya shambani, la marumaru, na sherehe na ng'ombe. Unajua alinijibu nini? 'Wafu hawapishi magari.'"

"Ukatamani afe."

"Nilitamani afe, ndiyo. Lakini kwa uzee, afande! Kwa kikohozi!"

"Nyumba ishirini na tatu," Haingo alisema, akitazama lango lililokuwa likitikisika. "Muuza vitumbua yumo?"

"Namba nne. Aliyekuwa na tofali ni namba tisa." Edmond akashusha sauti. "Wote wanataka jambo hili liishe leo. Kesi ikiwa ndefu, ua unafungwa na mahakama miaka kumi. Huyo wa kusini akifa, hakuna kesi. Watu wanafikiri haraka wakiwa na bei kichwani."

"Asante. Kaa barazani. Na usinawe."

"Kwa nini?"

"Mikono yako ingali michafu. Leo hiyo ndiyo bahati yako."

Bibi Vololona alikuwa amekaa kwenye kona ya kaskazini mashariki ya sebule, chini ya picha za wazazi, shuka lake amejitanda mpaka kidevuni. Haingo alibaki karibu na mlango, upande wa kusini, mahali pa mgeni, mpaka alipoambiwa sogea.

"Shangazi, saa ngapi ulimsikia mara ya mwisho?"

"Saa kumi na moja na nusu. Alikohoa, akafungua mlango. Mimi nilikuwa natafuta rozari yangu. Nikasinzia tena, Mungu anisamehe. Nilipotoka ilikuwa saa kumi na mbili na nusu."

"Lango?"

"Limefungwa kwa ndani, kama kila siku Zafy akishatoka. Lanto ndiye aliyewafungulia watu nilipolia."

"Jana waligombana?"

Nje walikuwa wameanza kupiga mlango kwa kitu kizito, pamoja, kwa kuhesabu.

"Shangazi, wale watu wakiingia watamchoma mtu akiwa hai jikoni mwako."

"Mwezi ujao tunafungua kaburi," bibi alisema mwishowe. "Kuwabadilishia wazee sanda. Jana kaka aligawa nafasi, kila mtu atakapolala siku yake ikifika. Mimi karibu na mama. Yeye karibu na baba. Lanto akauliza, na mimi? Kaka akasema, wewe umetia sahihi wazee wako wahamishwe. Umewauza. Hutalala humu."

Haingo hakuandika. Alikuwa binti wa mabondeni, lakini hata kule mtu akitaka kumuua mwenzake bila kumgusa, hiyo ndiyo kauli. Mtu anaweza kukosa nyumba maisha yake yote akavumilia. Kukosa kaburi ni kutupwa milele.

"Lanto alijibu nini?"

"Alikula wali wake akaenda kulala."

Lanto alikuwa na miaka arobaini, mpole, amechana nywele. Alikuja bila kuitwa mara ya pili, akasimama karibu sana na Haingo, kama watu wenye siri wasimamavyo.

"Inspekta, nakuomba kitu kimoja. Wape."

"Niwape nani?"

"Huyo Zafy. Ukimshusha kituoni mtakaa naye, wakili, mashahidi, shangazi yangu atapandishwa kizimbani. Ana miaka sitini na sita. Watu wanataka haki yao. Fungua lango, geuka upande mwingine, nusu saa kazi imekwisha."

Alipoinua mkono kuonyesha lango, mkono wa shati ukapita chini ya pua ya Haingo. Shati lilikuwa jeupe, limepigwa pasi, ila lilikuwa na unyevu mpaka karibu na kiwiko, na unyevu wenyewe ulikuwa wa rangi ya chai. Kwenye mshono palikuwa na chembe nyeusi. Lilinukia ukoko.

Mlango ulipasuka ubao wa kwanza. Mkono ukaingia ukitafuta komeo, na Naivo akaupiga kwa kitako cha bunduki, mfupa ukalia.

"Sajini, njoo," Haingo aliita. "Shangazi, bwana Edmond, na nyinyi. Nataka mashuhuda. Nataka picha ya marehemu alivyoanguka, si alivyopangwa. Naivo, mshike miguu. Mrudishe. Kichwa kwenye lango, nyayo kwenye kaburi. Kifudifudi."

Naivo alibaki na mikono hewani. "Afande... mimi pia nina wazazi kaburini."

"Na mimi pia. Fanya."

"Mwanangu," Bibi Vololona alisema, "nyayo kwa wazee?"

"Nisamehe, shangazi."

Edmond alivuta sigara akatazama saa yake. Naivo akainama, akashika zile soksi juu ya zile alama. Kichwa cha mzee kikabingirika kidogo kwenye mchanga, shuka likateleza, na lile tundu la kisogoni likafunuka mbele ya mawe ya baba yake.

Lanto hakupiga kelele. Alinyakua sepetu na kumkata nayo Naivo begani, pigo la mtu aliyekwisha fanya mazoezi. Naivo akaanguka juu ya maiti. Sepetu ikapanda tena. Haingo hakuwa na nafasi ya kufyatua, shangazi alikuwa nyuma kabisa ya Lanto, kwa hiyo aliingia chini ya mpini na kumpiga bastola usoni. Pua ikapasuka. Lanto akamkaba koo, wakaanguka wote wawili, wakabingirika mpaka kwenye dimbwi, na Haingo akahisi vidole vile vinne upande mmoja na gumba upande wa pili vikimfunga pumzi. Alimpiga goti, akampiga tena, akamng'ata mkono mpaka meno yakakutana na mfupa. Naivo, bega limefunguka kama mdomo, akamwangukia Lanto mgongoni kwa uzito wake wote, na mara hii kitambi kilifanya kazi ya serikali.

Pingu zililia mara mbili.

"Nilimgeuza!" Lanto alikuwa anasema mdomo ukiwa mchangani. "Nilikwisha mgeuza! Kwa nini mnamlaza vile? Nisingeweza kumwacha vile, ni baba yangu yule!"

"Ulimpiga mara nne," Haingo alisema. Sauti ilitoka kwa shida.

"Nilimwomba. Alfajiri nilimpigia magoti pale pale, nikamwambia baba mkubwa, nipe hata kona, hata mlangoni. Akageuka akaondoka."

"Ukafuta sepetu kwenye blanketi la Zafy."

"Nilifuta tu. Lilikuwa karibu. Sikumtaja mtu, muulizeni yeyote! Wao ndio waliomtaja."

"Na ulinawa kwa nini?"

Haingo aliuvuta ule mkono wa shati la Lanto, akausogeza mbele ya shangazi.

"Nyumba haikuwa na maji, shangazi. Mtu mwenye maji yako alikuwa kwenye foleni chini, dumu lake mbele ya watu thelathini. Huyu alihitaji kunawa upesi, akakuta kinywaji cha mzee. Kama Zafy angekuwa ndiye muuaji, alikuwa na lita arobaini begani."

Bibi Vololona alikisogelea kile kitambaa, akakinusa. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hakuna anayependa kukinusa.

Kisha akajinyoosha, akamwendea kaka yake, akamlaza upya kwa mikono yake mwenyewe, kichwa mashariki. Hakukubali msaada. Alipomaliza akamwambia Lanto bila kumtazama:

"Alichosema kaka jana, nami nimekisema."

Lanto alianza kulia hapo ndipo, kilio cha mtoto, damu na kamasi vikimwingia mdomoni. Edmond alikohoa, akamkaribia bibi.

"Shangazi, pole sana. Sasa, tukishamzika, mimi na wewe tukae tuongee..."

"Panda kwa ngazi, Edmond," bibi alisema. "Wewe na wajukuu wako. Mpaka magoti yaoze."

Haingo aliondoa benchi, akafungua lango mwenyewe.

Umati ulijaa mpaka pumzi yao ilimpiga usoni. Tofali, fimbo, chuma cha dirisha, chupa ya mafuta ya taa.

"Huyu hapa," alisema, akamsukuma Lanto mbele. "Mwana wa nyumba. Amemuua mlezi wake kwa sepetu na ameungama mbele ya shangazi yake. Nani ana kiberiti?"

Hakuna aliyetikisika. Namba tisa alilitazama tofali mkononi mwake kama amelikuta tu hapo, akaliweka ukutani polepole. Muuza vitumbua aliificha chupa chini ya aproni. Mzee mmoja akavua kofia.

"Pole, Lanto," mtu alisema.

"Pole, mwanetu. Ni shetani tu."

Wakajibana kwenye kuta, wakatengeneza njia. Mwanamke mmoja akatoa leso akamfuta Lanto pua. Haingo alitamani sana, kwa muda mfupi, awe na mafuta yeye.

Nyuma yake Zafy alitoka akiegemea bega zima la Naivo. Alisimama langoni. Macho ya watu yalikimbia huku na huku. Alitazama lile dumu la manjano.

"Afande," alisema kupitia midomo iliyovimba. "Madumu ni yangu. Yote sita. Nilinunua mwenyewe."

"Yachukue."

Aliinama, akafungua kifuniko kwa mkono wake mzima, akalisukuma dumu kwa mguu. Maji yakaanguka ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, yakapita kati ya viatu vya watu. Naivo akalibeba tupu. Mlango uliofuata ulikuwa wa muuza vitumbua. Dumu lake lilikuwa limefikia nusu. Karai lilikuwa bado la moto kando yake, na unga wa asubuhi ulikuwa umekwisha kukorogwa.

"Zafy, jamani," mwanamke alisema kwa sauti ndogo. "Sisi tulijuaje?"

Zafy alilimwaga. Akalimwaga la namba tisa. Alishuka hivyo mlango kwa mlango, ngazi baada ya ngazi, damu ikimdondoka kidevuni na kuchanganyika na maji yaliyokuwa yanamtangulia kushuka, na hakuna mtu wa Ambonivato aliyesema neno mpaka dumu la sita lilipokauka. Hapo ndipo mtoto mmoja, ndani ya nyumba fulani, alipoanza kuomba maji ya kunywa.